Parabola: Mchoro mmoja, alama kumi za KCSE

Hisabati ni somo la lazima katika KCSE. Sehemu ya pili ya kila karatasi ina maswali manane. Mtahiniwa huchagua matano, na kila moja lina alama 10. Swali la kuchora grafu ya kwadratiki hujirudia mara nyingi, na anayeijua tabia ya parabola hana sababu ya kulikimbia.

Parabola ni mchoro wa y = ax² + bx + c. Tuchukue mfano wa y = x² − 4x + 3. Hapa a ni 1, b ni −4 na c ni 3. Namba hizi tatu zinatosha kukueleza mchoro utakavyokuwa kabla hujashika penseli.

Uelekeo. Ikiwa a ni chanya, parabola hufunguka juu kama bakuli. Ikiwa ni hasi, bakuli limefunikwa.

Mahali pa kukata mhimili wa y. Ni c, yaani 3.

Mstari wa ulinganifu. Hupatikana kwa x = −b ÷ 2a. Katika mfano wetu ni 4 ÷ 2 = 2. Mstari huu huigawa parabola pande mbili zinazofanana kama uso na kioo.

Kipeo. Ni pale mchoro unapogeuka, juu ya mstari huo wa ulinganifu. Weka x = 2 na utapata y = −1. Kipeo ni (2, −1).

Mizizi. Ni pale y inapokuwa sifuri: x = 1 na x = 3. Kokotoa b² − 4ac: jibu likiwa chanya mizizi ni miwili, likiwa sifuri ni mmoja, likiwa hasi mchoro haugusi mhimili wa x.

Ulinganifu ndio mlinzi wa jedwali lako. Kwa x kuanzia 0 hadi 4, y ni 3, 0, −1, 0, 3. Ukipata 5 mwishoni badala ya 3, rudi ukague. Kosa la kawaida hutokea kwenye kikokotoo: −2 lazima iwekwe ndani ya mabano kabla ya kuipiga mraba, la sivyo utapata −4 badala ya 4. Kisha unganisha vitone kwa mkono, si kwa rula, na kipeo kiwe mviringo, si bapa.

Ukiambiwa utumie grafu hiyo kutatua x² − 5x + 4 = 0, toa mlinganyo huu kutoka kwa ule wa kwanza. Kinachobaki ni y = x − 1. Chora mstari huo; utakutana na parabola kwenye x = 1 na x = 4. Hayo ndiyo majibu.

Nje ya darasa, parabola iko juu ya mapaa yetu. Dishi la setilaiti lina umbo hili kwa sababu mawimbi yanayoingia sambamba na mhimili wake hudundia kwenye nukta moja, pale kilipowekwa kipokezi. Antena za kituo cha anga za juu cha Luigi Broglio, huko Ngomeni karibu na Malindi, hutumia kanuni hiyo hiyo.

Mtahiniwa, andika uelekeo, mstari wa ulinganifu, kipeo na mizizi pembeni mwa karatasi kwanza. Mchoro ukipingana navyo, umegundua kosa kabla ya msahihishaji.