Mitaa Iliyohukumiwa: Picha za Mitaa ya Paris, Glasgow, London na New York kama Chanzo cha Historia, 1838–1939

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa historia ya jamii anayechunguza miji mikubwa ya Ulaya na Marekani katika karne ya 19 hukutana mapema na shehena ya picha za mitaa: vichochoro, milango, ngazi, maduka na kuta zilizobandikwa matangazo. Picha hizi huingizwa vitabuni mara nyingi, lakini aghalabu hutumiwa kupamba hoja iliyokwisha kujengwa kwa nyaraka za maandishi. Picha yenyewe haihojiwi kama shahidi anavyohojiwa: nani aliyeileta, ilitazama kutoka wapi, na ni mambo gani haikuweza kuyaona.

Insha hii inajadili picha zilizopigwa Paris, Glasgow, London na New York kati ya mwaka 1838 na 1939. Hoja yake ya msingi ni kwamba, katika mifano inayojadiliwa, mtaa wa kawaida ulionekana kustahili kupigwa picha kwa utaratibu pale ulipokuwa umekwisha kuhukumiwa kubomolewa, au ulipohofiwa kutoweka. Kwa mantiki hiyo, picha hizo ni ushahidi wa hukumu kama zilivyo ushahidi wa mtaa. Utupu unaoonekana ndani yake haupaswi kuchukuliwa kuwa hali halisi ya mahali hapo kabla ya kuuliza maswali matatu: lenzi iliachwa wazi kwa muda gani, nani aliagiza picha, na mahali hapo palifanywa nini baadaye.

2.0 Lenzi na Watu Wasioonekana

Picha ya Louis Daguerre ya Boulevard du Temple, iliyopigwa mwaka 1838 jijini Paris, inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Barabara hiyo ilikuwa na kumbi za maonyesho na shughuli nyingi, lakini katika picha inaonekana tupu. Sababu ni kwamba bamba lililotumika lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa. Majengo na miti havikusogea, hivyo vikanaswa. Farasi, magari na wapita njia walipita bila kuacha alama. Mtu mmoja tu na mng'arisha viatu wake ndio wanaotambulika kwa urahisi, kwa kuwa mteja huyo alisimama akisubiri viatu vyake vimalizike.

Mfano huu una funzo la kimbinu. Kamera ya awali haikuchagua kati ya tajiri na maskini, bali kati ya kilichotulia na kilichosogea. Hata hivyo, uteuzi huo ulikuwa na matokeo ya kijamii. Jengo, ambalo ni mali ya mwenye nyumba, lilihifadhiwa jiwe kwa jiwe. Kazi ya mchukuzi, mchuuzi na dobi, ambayo ni mwendo, ilifutika. Mbinu ya kolodioni, iliyotangazwa mwaka 1851, ambayo kioo hupakwa dawa na kutumiwa kikiwa bado kibichi, ilipunguza muda huo hadi sekunde kadhaa penye mwanga wa kutosha. Lakini katika vichochoro vyembamba vilivyozibwa na majengo marefu mwanga ulikuwa haba, na lenzi ilibidi isubiri. Hivyo mitaa ya maskini, iliyosongamana kuliko mingine, ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kuonekana tupu.

3.0 Picha Zilizotangulia Ubomoaji

Kati ya mwaka 1853 na 1870 Georges-Eugène Haussmann, akiwa mkuu wa mkoa wa Seine, alisimamia ujenzi mpya wa Paris kwa amri ya Napoleon III. Barabara pana zilipasuliwa katikati ya mitaa ya kale. Katika miaka ya 1860 serikali ya jiji ilimwajiri Charles Marville (1813–1879) kupiga picha za mitaa iliyokuwa kwenye njia ya barabara hizo. Mkusanyiko wake wa mitaa ya kale una picha zaidi ya 400. Nyingi hufuata mpangilio unaofanana: mawe ya barabara yakiwa yamelowa, mfereji wa maji machafu katikati, kuta pande mbili, na watu wachache au hakuna kabisa.

Ni muhimu kutambua kwamba mwajiri aliyelipa gharama za kumbukumbu hii ndiye aliyekuwa akibomoa. Hilo halizifanyi picha kuwa za uongo. Linaonesha, hata hivyo, kwamba orodha ya mahali pa kupigwa picha ilifuata ramani ya ubomoaji, si ramani ya maisha ya wakaazi. Aidha, Marville alipiga picha za upande wa pili wa kazi hiyo pia, zikiwemo taa mpya za barabarani na uchimbaji wa Avenue de l'Opéra katika miaka ya 1870. Zikiwekwa sambamba, picha hizi zilisimulia habari moja, ya giza lililopisha nuru.

Glasgow inatoa mfano unaolingana. Sheria ya mwaka 1866 iliunda mamlaka ya uboreshaji wa jiji iliyopewa uwezo wa kununua na kubomoa nyumba katika eneo la kale karibu na High Street, Saltmarket na Gallowgate. Kati ya mwaka 1868 na 1871 mpigapicha Thomas Annan (1829–1887) alipiga picha za vichochoro vya eneo hilo kwa ajili ya mamlaka hiyo. Tofauti na picha nyingi za Marville, hapa watu wapo. Wakaazi wamesimama mlangoni au wameegemea ukuta wakiitazama kamera. Watoto walioshindwa kutulia wamegeuka ukungu, na nguo zilizoanikwa juu ya kichochoro zimefifia kwa kupeperushwa na upepo.

Ukungu huo umewahi kuonekana kuwa kasoro ya kiufundi. Kwa mwanahistoria ni ithibati. Unathibitisha kwamba mbele ya lenzi palikuwa na mtu ambaye hakuamriwa, au hakukubali, kutulia. Nguo zilizoanikwa nazo zinashuhudia ufuaji, yaani kazi ya usafi iliyofanywa na watu waliokuwa wakitajwa rasmi kama chanzo cha uchafu na maradhi. Picha iliyoagizwa na mbomoaji imebeba ndani yake ushahidi usioafikiana kikamilifu na hoja ya ubomoaji.

4.0 Nafasi ya Maandishi Kando ya Picha

London inaonesha njia mbili zaidi. Mwaka 1875, nyumba ya wageni ya kale iitwayo Oxford Arms, karibu na Kanisa Kuu la St Paul's, ilipokaribia kubomolewa, watu waliothamini majengo ya zamani waliunda jumuiya ya kupiga picha za masalia ya London ya kale. Hadi mwaka 1886 walikuwa wametoa picha 120. Walichagua kuzichapa kwa mbinu ya kaboni kwa sababu hazififii upesi. Hapa aliyeagiza hakuwa mbomoaji bali mwombolezaji. Hata hivyo, kilichoombolezwa kilikuwa nguzo, roshani na paa. Wapangaji wa majengo hayo hawakuwa kiini cha mradi.

Njia ya pili ni ya John Thomson na mwandishi Adolphe Smith, ambao kuanzia mwaka 1877 walichapisha kwa sehemu kazi iitwayo Street Life in London. Kila picha iliambatana na maelezo yaliyotokana na mazungumzo na watu wa mtaani. Miongoni mwake kuna picha ya mwanamke maskini aliyeketi kwenye ngazi akiwa amempakata mtoto mchanga. Mtazamaji atadhani mara moja kwamba ni mtoto wake. Maelezo yanasema sivyo: mwanamke huyo alikuwa akimlea mtoto wa mwenzake aliyekuwa kazini. Bila maandishi hayo tungebaki na taswira ya ufukara peke yake. Kwa maandishi hayo tunapata uhusiano wa kusaidiana kati ya wanawake wawili, mmoja wao akiwa nje ya picha. Thomson aliwapanga watu wake ili watulie, na Smith alikuwa na msimamo wake wa kisiasa. Lakini ulinganisho huu unadhihirisha kwamba picha ya mtaani haijitoshelezi, na kwamba kosa la kuisoma peke yake linaweza kuwa kubwa.

5.0 Atget, Abbott na Hofu ya Kutoweka

Eugène Atget (1857–1927), aliyewahi kuwa mwigizaji, alianza kupiga picha za Paris ya kale mwishoni mwa karne ya 19. Hakuajiriwa na jiji kama Marville. Aliuza picha zake kwa wasanii, maktaba na makumbusho, na mwaka 1920 aliuzia serikali ya Ufaransa negativu zaidi ya 2,600. Alibeba kamera nzito ya vioo vya sentimita 18 kwa 24 na kufanya kazi mara nyingi alfajiri, hata katika miaka ya 1920 ambapo kamera ndogo zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni. Utupu wa mitaa yake, tofauti na ule wa Daguerre, kwa sehemu ulitokana na saa aliyoichagua. Walter Benjamin, katika maandishi yake ya miaka ya 1930, aliufananisha na mandhari ya mahali palipotendeka uhalifu. Ufananisho huo umekuwa na ushawishi mkubwa, lakini unaweza kumpoteza msomaji: Atget huyohuyo alipiga pia picha za wachuuzi, wacheza vinanda na waokota takataka walioishi kwenye vibanda pembezoni mwa jiji.

Mmarekani Berenice Abbott (1898–1991), aliyeokoa sehemu kubwa ya kazi ya Atget baada ya kifo chake, alirejea New York mwaka 1929 akakuta jiji linajengwa juu ya jiji. Kuanzia mwaka 1935 mradi wake uligharimiwa na mpango wa serikali kuu wa kuwapa wasanii kazi wakati wa mdororo wa uchumi, na mwaka 1939 ulitoa kitabu Changing New York. Katika picha zake maghorofa marefu yanasimama nyuma ya maduka madogo yenye vibao vya bei. Jirani hiyo haikutokea kwa bahati; Abbott aliitafuta, kwa kuwa alitaka mabadiliko yenyewe yaonekane. Ni tofauti na Jacob Riis, ambaye katika miaka ya 1880 na 1890 alitumia picha za vyumba na vichochoro vya jiji hilohilo kudai eneo la Mulberry Bend libomolewe. Bustani ilifunguliwa hapo mwaka 1897. Picha za Riis ziliomba hukumu; za Abbott ziliandika mwenendo wa kesi.

6.0 Mjadala na Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba, kwa kuwa picha nyingi kati ya hizi ziliagizwa na wenye mamlaka, ni propaganda na hazifai kwa historia ya watu wa kawaida. Insha hii haiungi mkono dai hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Marville alipiga picha sehemu ya juu ya Rue Champlain, kwenye ukingo wa Paris. Vibanda vya mbao vimesongamana katika bonde, na mtu mmoja ameketi akivitazama. Kodi ya nyumba katikati ya jiji iliyojengwa upya ilikuwa imewasukuma maskini wengi pembezoni. Picha hiyo haitaji majina yao, lakini inajibu swali ambalo barabara mpya hazikuulizwa: waliokuwa katika mitaa ya kale walikwenda wapi?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa Paris. Mei 1871, Komuni ya Paris ilipokuwa ikiangushwa, moto uliteketeza makao ya serikali ya jiji na sehemu ya Jumba la Mahakama, na pamoja nayo nakala zote mbili za rejesta za jiji za kuzaliwa, ndoa na vifo za kabla ya mwaka 1860. Baadhi ya rejesta hizo zilitengenezwa upya, nyingine hazikurejea. Kwa hiyo wapo wakaazi waliopotea mara mbili: lenzi haikuwanasa kwa sababu walitembea, na rejesta haikuwahifadhi kwa sababu iliungua. Kilichobaki ni kibao cha duka, ngazi iliyochakaa katikati kwa kukanyagwa, na nguo kwenye kamba.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtafiti anayeandika kwamba mtaa fulani ulikuwa mtupu na wa kusikitisha, akiwa na picha peke yake, anarudia hukumu ya aliyelipa gharama za picha hiyo bila kujua. Anapaswa kwanza kukadiria muda wa lenzi, kumtambua mwagizaji, kufuatilia hatima ya mahali, kisha kuilinganisha picha na sensa, daftari za kodi na magazeti ya wakati huo. Ndipo ukungu mwembamba ulio mlangoni utakapohesabiwa kama mkaazi wa mtaa.