Televisheni Ilipoingia Visiwani



Siku hizi bibi harusi huikuta televisheni imeshatundikwa ukutani kabla ya mapazia. Lakini tunajua historia yake?

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ya mwanzo kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake, ilichelewa hadi 1976, maana serikali ya ubaguzi iliogopa fikra ambazo chombo hicho kingewaletea watu. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, kwani ilihesabiwa ni anasa kwa nchi maskini.

Seti zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikusanyika kwa jirani mwenye nayo. Taarifa ya habari ikimalizika, mazungumzo ndiyo yanaanza: nani kasema kweli, nchi ile iko wapi, sisi yatuhusu nini?

Kisha yakaja madishi. Al Jazeera ilianza Doha mwaka 1996, na vita vya Iraq vya 2003 tukaviona sebuleni, vikisimuliwa kwa zaidi ya mdomo mmoja. Mwanamke aliyeko ndani akaujua ulimwengu.

Leo kila mtu na simu yake. Habari zimezidi, wa kuulizana nao wamepungua. Na kuona si kujua.

Basi bibi harusi, mara mojamoja tazameni taarifa ya habari pamoja, wewe, mumeo na wakweo. Kisha zimeni, mzungumze.