Mama Mjamzito katika Historia ya Lishe ya Mulago, Kampala

Historia ya utafiti wa lishe jijini Kampala husimuliwa, kwa kawaida, kama historia ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo ulizaa mafanikio makubwa, lakini ulimwacha pembezoni mama mjamzito.

Katika Hospitali ya Mulago, Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean walichunguza kwashiakoo, na mwaka 1954 wakachapisha kitabu kuhusu maradhi hayo. Chanzo walikitafuta hasa katika upungufu wa protini baada ya mtoto kuacha ziwa, na tiba katika maziwa. Mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alijifunza kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula vya kienyeji kama matoke, maharage na karanga. Hivyo tiba ya wodini ikageuka kinga ya jikoni.

Jina la kituo latokana na methali ya Kiganda: *Omwana omugimu ava ku ngozi*. Ngozi hapa ni mbeleko. Mtoto mwenye afya hutokana na matunzo ya mwanzo kabisa. Swali ni je, mwanzo huo ni upi?

Jibu lilianza kusogea nyuma kupitia mtafiti aliyetoka Kampala. Roger Whitehead, aliyeongoza kitengo cha utafiti cha Waingereza baada ya Dean, alihamia Cambridge mwaka 1973, na wenzake wakachunguza chakula cha wajawazito kijijini Keneba, Gambia. Mwaka 1997 ilibainika kwamba biskuti za lishe ziliongeza uzito wa watoto wachanga, hususan katika msimu wa njaa. Mwaka huohuo ilichapishwa taarifa kwamba waliozaliwa katika msimu huo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakiwa vijana. Hata hivyo, uhusiano huo haututhibitishii kwamba chakula cha mama ndicho chanzo pekee, kwani malaria na maambukizi mengine nayo hufuata majira.

Mpango wa Lishe wa Uganda wa mwaka 2011 uliwataja wanawake wa umri wa kuzaa sambamba na watoto wachanga. Ili azma hiyo itimie, somo la kitobero halina budi kuanzia kliniki ya wajawazito, na kumbukumbu za ujauzito ziunganishwe na za mtoto hadi ukubwani. Bila kumbukumbu hizo, sera itaendelea kumhesabu mtoto baada ya kudhoofika.