Valvu elfu moja kwenye rafu: utazipanga kwa jina lipi?

Leo tuache kidogo mambo ya PHP na MySQL, turudi nyuma mpaka enzi za valvu. Usihame bado. Ukifika mwisho utaona kwamba tatizo ni lile lile linalotunyima usingizi sisi watu wa databesi: kitu kimoja, majina matano.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, valvu ni kichupa cha kioo kilichofyonzwa hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopata moto kama ule wa balbu, pamoja na vipande vya chuma. Elektroni hutoka kwenye kathodi iliyo moto na kurukia anodi, na katikati kuna gridi inayozizuia au kuziachia zipite. Wamarekani huiita tyubu. Kabla ya transista kuvumbuliwa mwaka 1947, na kwa miaka kadhaa baadaye, valvu ndizo zilizokuwa ndani ya redio, rada na kompyuta za kwanza. Waulize wazee nyumbani kuhusu zile redio kubwa za mbao: unawasha, unasubiri ipate moto, ndipo sauti inatoka.

Kompyuta ya ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946, peke yake ilikuwa na valvu karibu 18,000. Viwanda vilitoa mamilioni. Nyingine zilibaki kwenye maghala ya jeshi na ya mafundi bila kutumika, na hizo ndizo zinazotafutwa leo na wanaotengeneza redio za zamani, amplifaya za gitaa na mashine za makumbusho. Sasa fikiria umerithi valvu 1,000 ndani ya makatoni. Utazipangaje?

Kwa ukubwa haisaidii, kwa sababu valvu mbili zenye kioo cha umbo moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Kwa kiwanda pia ni mtego: ilikuwa kawaida kampuni moja kununua valvu kwa nyingine na kugonga chapa yake juu. Linabaki jina. Lakini jina lipi?

Mwanzoni kila kampuni ilijipigia namba zake. Marekani ya miaka ya 1920, RCA iliuza valvu iitwayo UX-201A. Cunningham iliuza ile ile kwa jina la CX-301A. Mafundi waligundua upesi kwamba herufi za mwanzo na tarakimu ya kwanza zilikuwa mapambo ya muuzaji, wakazikata. Ikabaki 01A tu, na mpaka leo wakusanyaji wanaiita hivyo.

Mwaka 1933 chama cha watengenezaji wa redio cha Marekani kilileta utaratibu. Namba ya mbele ilionyesha volti za kupashia moto. Herufi za katikati zilikuwa za kufuatana tu, hazina maana. Namba ya mwisho ilihesabu sehemu muhimu zilizo ndani. Chukua 12AX7: volti 12 na kitu, na sehemu 7, yaani waya wa moto 1, kathodi 2, gridi 2 na anodi 2.

Ulaya ilikwenda njia yake. Mwaka 1934 Philips na Telefunken walianza mfumo ambao mimi, kama mtu wa programu, naupenda zaidi. Herufi ya kwanza ni ya umeme wa kupashia moto: A ni volti 4, E ni volti 6.3. Herufi zinazofuata zinakwambia kilichomo: C ni triodi, F ni pentodi ya mawimbi madogo, L ni pentodi ya kutoa nguvu. Baadaye hata tarakimu zikapewa kazi, namba ya 3 mwanzoni ikimaanisha kitako cha pini 8, na ya 8 kitako kidogo cha pini 9. Kwa hiyo EF36 ni volti 6.3, pentodi, pini 8. ECC83 ni volti 6.3, triodi mbili, pini 9. Hujaigusa, na tayari unajua itaingia kwenye soketi gani. Hata transista za mwanzo ziliingizwa humo humo: OC71 ina O mbele kwa sababu haina cha kupasha moto.

Tatizo ni kwamba ECC83 na 12AX7 ni valvu ile ile! Waya wake wa moto una mguu wa katikati. Ukiunganisha hivi unataka volti 12.6, ukiunganisha vile unataka 6.3. Wamarekani wakahesabu njia ya kwanza, Waulaya ya pili. Majina yote mawili ni ya kweli, na yanagongana. Hilo ndilo jambo linalotokea ukiweka maana ndani ya jina. Dunia ina pande nyingi kuliko herufi ulizo nazo.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na Uingereza ikaliona tatizo hilo kwa ukubwa wake. Jeshi la nchi kavu, la majini na la anga, kila moja lilikuwa na orodha yake ya namba za valvu. EF36 ya kiwandani, kwa jeshi la anga ilikuwa VR56. Mtunza ghala angeweza kuandika kwamba mzigo umekwisha huku rafu ya jirani imejaa valvu zile zile kwa jina jingine. Ndipo zikatolewa namba za pamoja zinazoanza na CV. Angalia walivyohamisha data ya jeshi la anga: VR56 ikawa CV1056, VR65 ikawa CV1065, VR91 ikawa CV1091. Walijumlisha 1000! Nimeandika skripti za kuunganisha databesi mbili kwa ujanja huo huo, nikidhani ni akili yangu.

Namba ya CV haikwambii volti wala pini. Ni namba tu, na ndiyo nguvu yake. Haiwezi kusema uongo kwa kuwa haisemi kitu.

Sasa kwa nini hili si suala la wakusanyaji wenye muda mwingi tu? Kwa sababu ya Colossus. Hii ni mashine ya Tommy Flowers, mhandisi wa posta ya Uingereza, iliyoanza kazi Bletchley Park mapema mwaka 1944 kusaidia kuvunja mawasiliano ya siri ya wakuu wa jeshi la Ujerumani. Toleo la pili lilikuwa na valvu kama 2,400, na aina iliyotumika sana ni hiyo hiyo EF36. Baada ya vita nyingi zilibomolewa, na Flowers akaamriwa kuchoma nyaraka. Mwaka 1993 Tony Sale alianza kuijenga upya akiwa na picha chache za mwaka 1945 na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya wahandisi walikuwa wamevibakiza. Mwaka 1996 ikawashwa, Flowers mwenyewe akiwepo. Mwaka 2007 ikakamilika, na leo iko kwenye makumbusho ya kompyuta hapo Bletchley.

Fikiria kazi hiyo kama zile valvu zingekuwa kwenye makatoni bila majina. Mchoro unasema EF36, boksi linasema VR56, kioo kimegongwa CV1056. Mtu mwenye jedwali la majina ana valvu tatu. Asiye nalo hana hata moja, ingawa vichupa ni vile vile.

Na jina lenyewe hufutika. Wino wa maandishi kwenye kioo mara nyingi ni dhaifu, ukiipangusa valvu kwa kitambaa chenye maji umelifuta. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, lakini la valvu huonekana kwenye mvuke: pulizia pumzi yako juu ya kioo, na wakati mwingine herufi zilizopotea zitajitokeza kwa sekunde chache. Uwe na kalamu karibu.

Kwa hiyo mpango wangu kwa valvu 1,000 ungekuwa huu. Kwanza kagua lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe, hewa imeingia, valvu imekufa. Pili, usiziache zikibiringika kwenye droo, maana pini zikipinda kioo hupasuka pale zinapoingilia. Kila moja ikae kwenye boksi lake, na maboksi yawe ya kipimo kimoja ili yapangike. Tatu, kila boksi lipate namba yake isiyo na maana yoyote, 0001, 0002, na rafu zifuate namba hizo. Nne, andika maneno yote yaliyo kwenye kioo kama yalivyo, hata yanayoonekana ni makosa. Tano, jedwali la pili liwe la majina: ECC83, 12AX7, na mengine yote yaelekee kwenye aina moja.

Angalizo kwa watakaotumia kompyuta kupanga. Ukiacha majina yapangwe kama maandishi, 12AX7 itatangulia 6V6, kwa kuwa 1 huja kabla ya 6. Na ile iitwayo 0A2 huanza na sifuri kwa sababu haina waya wa moto, lakini wengi waliichapa kwa herufi O. Mashine itaziweka ncha mbili za rafu.

Halafu chapa orodha yote kwenye karatasi, uiweke ndani ya katoni la kwanza. Atakayezirithi baada yako huenda asijue nywila yako.

Wewe ungepangaje? Niandikie hapo chini, hasa kama nyumbani kwenu bado kuna redio ya mbao. Igeuze, tazama mgongoni, uniambie umesoma namba gani. Ila kumbuka kuing'oa kwenye umeme kwanza.