Pikipiki ya Bwana Shamba

Ndugu msomaji, ukilala Kihonda, hapa Morogoro, pikipiki zitakuamsha kabla ya jogoo. Mojawapo ni yangu. Ni pikipiki ndogo ya Kichina, cc 125, nyekundu iliyokwisha kupauka, kiti kimeshonwa upya mara mbili na taa ya nyuma imefungwa kwa waya. Niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2013 kwa laki tisa. Walimu wenzangu hunitania kwamba mtu wa Kihonda ameshindwa kununua Honda. Huwa nawajibu kuwa hawaujui ukoo wa chombo hiki. Leo nataka niueleze ukoo huo, kwa sababu umepita nyumbani kwetu mara tatu, na safari moja nusura uondoke na mtu.

Mambo yanaanzia Japani, baada ya Vita Kuu ya Pili. Soichiro Honda, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1906, aliiona nchi yake imebomoka, petroli ya shida, mabasi na treni vimejaa hadi milangoni. Mwaka 1946 akapata vijiinjini vilivyobaki jeshini, vilivyokuwa vikizalisha umeme wa redio, akavifunga kwenye baiskeli na kuziuza. Vilipokwisha akaanza kuunda vya kwake. Mwaka 1948 akafungua kampuni, na mwaka uliofuata akapata mwenzake, Takeo Fujisawa, ambaye kazi yake ilikuwa fedha na soko. Honda alijua chuma, Fujisawa alijua wanunuzi.

Mwaka 1956 wawili hao walikwenda Ulaya kuangalia vipikipiki vya huko. Fujisawa hakuridhika navyo. Alitaka chombo ambacho hata kijana anayepeleka tambi za soba majumbani angekimudu kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika sinia. Basi bwana, klachi ya mkononi ikaondolewa, ikawa inajifunga yenyewe. Mbele ya miguu ikawekwa ngao ya plastiki ili suruali isirukiwe na matope. Agosti 1958 ikatoka Super Cub, cc 49, kwa yeni 55,000. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimefika milioni 100. Hakuna gari lililowahi kufika idadi hiyo.

Ninachotaka ukishike hapo, msomaji, si idadi. Shika jambo hili: walipokaa kuichora pikipiki ile, mtu waliyemfikiria alikuwa kijana wa kutumwa. Walijiuliza mkono wake mmoja uko wapi.

Sasa tuje kwetu. Miaka hiyo ya sitini, chombo cha mtu wa kawaida Afrika Mashariki kilikuwa baiskeli. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibeba watu kwenye keria za baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka tukapata "bodaboda". Pikipiki ilikuwa ya ofisi. Ukisikia mlio wake kijijini, ulijua anayekuja ni mganga, padri, mratibu wa elimu, au bwana shamba.

Baba yangu alikuwa bwana shamba, upande wa Mlali. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mradi mmoja ulimkabidhi Honda CG125, nyekundu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuiosha, na malipo yangu kupandishwa juu ya tanki na kuzungushwa hadi kisimani na kurudi. Wakulima waliutambua mlio wake wakiwa bado bondeni, na aliyekuwa hajapalilia aliwahi shambani kujifanya amechoka. Lakini petroli ilitolewa kwa kibali. Mgao ukiisha kabla ya mwezi, Honda ilifunikwa turubai na mzee akarudia baiskeli yake, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo. Alipostaafu wakaja kuichukua. Alitakiwa kuweka sahihi kwa kila kitu, hata spana ya plagi. Tulisimama kibarazani tukaitazama ikipandishwa kwenye gari. Mzee hakusema neno, alikwenda kukata majani ya ng'ombe.

CG125 ile nayo ina asili yake. Kabla yake, pikipiki za Honda za cc 125 zilikuwa zikifa mapema katika nchi maskini. Wahandisi wakatumwa kwenda kujionea wenyewe. Waliyoyaona wewe na mimi tunayajua: watu watatu na gunia juu ya kiti cha wawili, oili haibadilishwi mpaka igeuke lami, kichungi cha hewa kimetupwa, cheni kavu kama mfupa. Wangeweza kutulaumu na kutuandikia kitabu kinene cha maelekezo. Badala yake walirudi wakachora injini inayovumilia. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, na mwaka huohuo ikaanza kuundwa Manaus, nchini Brazil, katikati ya misitu ya Amazon.

Siri yake ni ndogo. Injini nyingi za wakati ule zilikuwa na cheni ndefu ya ndani, inayopanda hadi juu kuzungusha shafti inayofungua vali. Oili ikichakaa, cheni na shafti vinaliwa. Kwenye CG shafti ile iliteremshwa chini, karibu na oili, na vali zikafunguliwa kwa vyuma vyembamba viwili ambavyo mafundi wetu huviita pushirodi. Cheni ya kuvuta gurudumu nayo ikafungiwa ndani ya boksi, vumbi lisiifikie. Si injini ya mbio. Ni injini ya kufika.

Kazi kubwa iliyobaki kwa mwenyewe ni oili na tapeti. Nafasi ya tapeti inatakiwa iwe milimita 0.08, na kipimo chake huwezi kukikuta kwenye kila banda. Fundi wangu, ambaye nitamrudia, anatumia wembe wa kunyolea. Unene wa wembe ni kama milimita 0.1. Anauingiza, anakaza nati mpaka wembe upite kwa kusuasua, kisha anapiga kiki na kutega sikio. Ikigonga sana imelegea. Ikinyamaza kabisa, anasema, ndiyo ya kuogopa: imebana, vali itaungua. Oili namwaga kila kilomita 1500. Kwa utunzaji huo mdogo lita moja ya petroli hunitembeza kilomita arobaini na kitu, yaani kwenda shuleni na kurudi.

Imekuwaje basi chombo cha bwana shamba kikawa cha mwalimu wa laki tisa? Jibu liko Chongqing, mji wa China ya ndani. Katika miaka ya tisini kampuni za watu binafsi, kama Lifan na Zongshen zilizoanza mwaka 1992, ziliingia katika biashara ya pikipiki. China ilikwisha kuzijua injini za Kijapani, na muundo wa CG125 ukanakiliwa mno, maana ulikuwa rahisi na haukudai usahihi mkubwa. Karakana moja iliunda tanki tu, nyingine taa tu, nyingine pistoni tu, na vyote vikaingiliana. Mwenye banda na mtaji aliweza kununua vipande na kuunganisha. Bei ikaporomoka. Mnamo mwaka 2000 pikipiki hizo zilijaa Vietnam kiasi kwamba Honda yenyewe, mwaka 2002, ikalazimika kutoa huko pikipiki ya bei ya chini, Wave Alpha.

Kutoka huko meli zikaja kwetu. Wahindi nao hawakulala: Bajaj ya Pune, ambao jina lao sisi tumeshawapa magurudumu matatu, wakaleta Boxer. Kenya mwaka 2008 ikaziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki za chini ya cc 250. Hapa Tanzania mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji. Vijiwe vilikuwa vimekwisha kujaa, sheria ikaja kuvikuta. Kijana aliyemaliza darasa la saba akaketi juu ya injini ileile ambayo mzee wangu aliitilia sahihi mpaka spana.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumtosha, na mwaka 2014 akachukua pikipiki ya mkataba. Kwa asiyejua: bosi ananunua chombo, kijana analeta hesabu kila siku, muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Hesabu yake ilikuwa shilingi 8,000, siku sita za wiki, mwaka mzima. Piga mwenyewe, inakaribia milioni mbili na nusu, na chombo chenyewe kipya hakikufika milioni mbili. Petroli juu yake, oili juu yake, pancha juu yake. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Mdhamini aliyeweka sahihi chini ni mimi.

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Jioni moja, karibu na Msamvu, lori lilimbana ukingoni mwa lami. Abiria wake, namshukuru Mungu, alirukia kwenye majani akachubuka tu. Mdogo wangu mguu ulivunjika mahali pawili. Tulimkuta hospitalini amelazwa na vijana wengine, karibu wote mguu juu, karibu wote wa kijiweni.

Siku ya tatu bosi wake alikuja. Alileta machungwa, akatoa pole, akakaa pembeni ya kitanda. Kisha akaniita nje.

"Mwalimu," akasema, "nisamehe, lakini hesabu tunafanyaje?"

Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Hela ya kununulia chombo alikopa, na aliyemkopesha hakujua habari za mguu wa mtu. Bima ilikuwepo, ile ndogo ya lazima, ambayo humlipa anayegongwa na chombo, haimlipi anayekiendesha. Nikausoma upya ule ukurasa mmoja. Palikuwa na kuchelewesha hesabu, palikuwa na chombo kuibiwa, palikuwa na faini za trafiki. Kuumia hapakuwa na neno. Nami nilikuwa nimeusoma mara ya kwanza, mwalimu mzima, na sikuona kwamba linakosekana.

Kwa hiyo nikawa nikitoka shuleni nafika nyumbani, nakunywa chai, naondoka. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku nilibeba watu, bila leseni ya biashara, nakiri. Mama hakuzungumza nami wiki nzima. Siku moja akaja kusimama mbele ya gurudumu.

"Baba, nina watoto wawili wa kiume," akasema. "Mmoja nimeshamwona kitandani. Uza hicho chombo."

"Mama, nikikiuza deni nalipa na nini?"

"Basi likiisha, uza."

Nikamwahidi. Siku hamsini na mbili, mara elfu nane, laki nne na elfu kumi na sita. Deni likaisha, mdogo wangu akakabidhiwa pikipiki iliyopinda, na mimi yangu sikuiuza. Shule iko kilomita ishirini na kitu barabara ya Iringa, halafu vumbi. Daladala inayonifaa hufika kipindi cha pili kimekwisha kuanza. Hiyo ndiyo sababu ninayompa mama. Sababu nyingine simpi: asubuhi, milima ya Uluguru ikiwa bado ina ukungu na chombo kinalia vizuri, huwa nasikia Honda ya mzee.

Mdogo wangu hakurudi barabarani. Mguu uliunga ukiwa mfupi kidogo. Ile yake iliyopinda aliifungua yote, kipande kwa kipande, akajifunza. Leo ndiye fundi wangu, mwenye wembe. Wateja wake ni vijana wa kijiwe kilekile, na wakiwa wanangoja hunionyesha mikataba yao. Mingi bado ni ukurasa mmoja.

Naifikiria safari ile ya wahandisi wa miaka ya sabini. Walitoka kwao mpaka kwa watu maskini kuuliza chuma hiki kitakufa vipi, wakakichora upya ili kisife. Tangu hapo bei imeshuka tena na tena, na kila iliposhuka nasi tulifurahi, mimi wa kwanza, maana bila bei hiyo nisingepata chombo. Ila sijaona safari kama hiyo ikifanywa kwa ajili ya aliyekaa juu ya chuma. Mkataba tunauandika wenyewe, kwa mkono wetu, kwa Kiswahili chetu. Kuongeza mstari mmoja hakuhitaji Mjapani.

Basi, ndugu msomaji, kesho au keshokutwa jamaa yako atakuletea karatasi uweke sahihi ya udhamini. Mimi sikuuliza. Wewe uliza, tena mbele ya bosi: mguu ukivunjika, hesabu ya kesho analeta nani?