Walichoma Walichopata: Vichwa vya Treni vya Reichsbahn

Wapenzi wa reli wa Kijerumani wakikutana, hawachukui muda kabla ya kuanza kubishana juu ya kasi. Watakuambia kichwa cha mvuke 05 002 kilifika kilomita 200.4 kwa saa tarehe 11 Mei 1936, baina ya Hamburg na Berlin, na watalisimulia jambo hilo kama harusi ya binti yao. Mimi huwaacha wamalize, kisha nauliza: kilichoma nini, na makaa yalitoka wapi? Ni swali nililolipata karakanani, Ujerumani Mashariki, nilikopelekwa kutoka Unguja kusomea ufundi katika miaka ya 1970. Kwetu reli ya Bububu ilikuwa imeshang'olewa kabla sijazaliwa. Habari za treni nilizianzia kwenye koleo.

Reichsbahn, yaani reli ya dola, ilianza tarehe 1 Aprili 1920, serikali kuu ilipozichukua reli za Prussia, Bavaria, Saxony na majimbo mengine. Pamoja na njia ilirithi aina zaidi ya 200 za vichwa, kila jimbo na mtindo wake. Mhandisi Richard Paul Wagner, aliyesimamia usanifu, alishikilia kwamba vipuri viingiliane, ili karakana ya Königsberg iweze kufunga kifaa kilichotengenezewa Munich. Ndipo vikaja 01 na 02, ndugu wawili waliofanana kwa sura. 02 kilikuwa na silinda nne na kuutumia mvuke mara mbili. 01 kilikuwa na silinda mbili tu, zote za nje. Vilijaribiwa vyote viwili, na Reichsbahn ikakichagua kile chepesi kutunza. Fundi yeyote aliyewahi kujibana chini ya kichwa, taa mdomoni, akitafuta nati katikati ya silinda za ndani, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Fahari ya zama hizo, lakini, haikuwa ya mvuke. Msomaji aliyepanda Mchongoko kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma anajua treni isiyo na kichwa cha kuivuta, yenye mitambo yake ndani ya mabehewa yenyewe. Wajerumani waliwapa abiria wao kitu cha namna hiyo tarehe 15 Mei 1933. Yalikuwa mabehewa mawili yaliyochangia magurudumu ya katikati, rangi ya maziwa na zambarau, na injini mbili za dizeli za Maybach, kila moja nguvu farasi 410, zilizozalisha umeme wa kuzungushia magurudumu. Umbo lake lilijaribiwa kwanza katika handaki la upepo la watengenezaji wa ndege za Zeppelin. Kutoka Berlin hadi Hamburg, kilomita 286, ilitumia dakika 138. Watu wakaiita Fliegender Hamburger, yaani Mhamburg Anayeruka. Abiria walikaa 98, na pembeni palikuwa na kijimkahawa cha viti vinne. Mdogo wake, SVT 137 225, bado yupo kwenye kituo kikuu cha Leipzig, njia namba 24, na mtu anaweza kumgusa bila kulipa hata senti.

Nikimpitia pale huwa nakumbuka kwamba vita vilipoanza mwaka 1939, treni hizi zilisimamishwa. Dizeli ilitakiwa jeshini. Nchi ilikuwa na treni za haraka kupindukia, na haikuwa na kisima cha mafuta cha kuzitosha.

Ikarudi kwenye makaa. Kichwa 50 cha mizigo kilikuwa na vipande kama 6,000. Kwa ajili ya vita wahandisi wakaondoa kama 1,000 na kurahisisha vingine 3,000, shaba ikabadilishwa kwa chuma kila ilipowezekana, na mwezi Septemba 1942 kikatoka 52. Vilitengenezwa zaidi ya 6,000, na mikono mingi iliyovitengeneza ilikuwa ya watu waliolazimishwa kazi. Vichwa vya Reichsbahn ndivyo vilivyovuta pia treni za kuwapeleka Wayahudi kwenye kambi za kuuawa. Ofisi za reli zilidai nauli: daraja la tatu, kwenda tu, watoto wa chini ya miaka kumi nusu bei, wa chini ya minne bure, na punguzo kundi likizidi watu 400. Waliosafiri walifungiwa katika mabehewa ya mizigo. Mzee mmoja aliyenifundisha kuwasha moto wa 52 hakupenda kabisa kuulizwa alikuwa wapi mwaka 1943, nami nilikuwa mgeni, sikuuliza mara ya pili.

Baada ya vita reli iligawanyika kama nchi. Magharibi wakaita yao Bundesbahn. Mashariki, dola ya kijamaa, ikabaki na jina la dola ya zamani, kwa sababu washindi wa vita walikuwa wameikabidhi Reichsbahn uendeshaji wa reli katika Berlin nzima, na kubadili jina kungehatarisha haki hiyo. Hivyo serikali ya wakomunisti iliendesha treni za mjini Berlin Magharibi hadi Januari 1984.

Jina walibaki nalo, ila si mali. Mwaka 1946 Wasovieti walizikunja nyaya za umeme na kuzichukua pamoja na vichwa vyake kuwa fidia ya vita. Pengi, njia ya pili nayo iling'olewa. Vichwa vilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na treni za umeme zikatembea tena mwaka 1955. Wakati huohuo makaa mazuri ya mawe yalikuwa Ruhr, upande wa Magharibi, na Silesia, ambayo sasa ilikuwa Poland. Mashariki ilibakiwa na makaa ya kahawia, laini, karibu nusu yake maji. Ukiyatupia katika joko lililosanifiwa kwa makaa magumu, yanakupa moshi mwingi na mvuke kidogo. Mhandisi Hans Wendler akatafuta njia ya kuyasaga yawe vumbi laini na kuyaingiza ndani ya joko kwa mabomba, yawake hewani kabla hayajatua. Vichwa vya vumbi vilifanya kazi kwa miaka mingi. Mchochea makaa akapumzika na koleo. Badala yake akashika valvu, na jioni akaenda nyumbani na vumbi masikioni.

Mafuta ya Kisovieti yalipofika kwa bomba la Druzhba, mwishoni mwa 1963, ikaonekana neema imeshuka. Vichwa 01 vilivyofumuliwa na kuundwa upya karakana ya Meiningen, kuanzia 1962, vingi vikatiwa vichomeo vya mafuta mazito. Kutoka Luhansk kikaja kichwa cha dizeli kisicho hata na kizuia sauti, watu wakakibatiza Ngoma ya Taiga; kilikuwa kikipita, madirisha ya mtaa mzima yanaitikia. Mashambani, kwenye vijireli vya majani, kilitembea kibehewa kimoja chenye injini yake, kazi ya kiwanda cha Bautzen, kikiitwa teksi ya vitoto vya nguruwe kwa sababu ya mizigo ya wakulima. Nimekipanda mara nyingi. Kina magurudumu manne tu, na kila kiungo cha reli unakihisi mgongoni.

Halafu usiku wa kuamkia mwaka 1979 joto lilianguka kutoka karibu nyuzi 10 hadi chini sana ya sifuri, kwa saa chache. Makaa ya kahawia, kwa yale maji yake, yakaganda ndani ya mabehewa yakawa kipande kimoja. Mitambo ya umeme ilikuwa ikingoja, na treni zimesimama zimejaa. Sisi wanafunzi tulipewa mitaimbo. Unapiga, mtaimbo unaruka, mkono unakufa ganzi hadi begani. Kwingine wanajeshi walitumia baruti, na kuna mahali walileta injini za ndege za kivita wakazielekeza kwenye mabehewa ziyayeyushe. Vichwa vya mvuke vilivyokuwa vikingoja kukatwa chuma chakavu viliwashwa, vikapeleka joto kwa mabomba.

Mwaka 1981 Wasovieti wakatangaza kupunguza mafuta kutoka tani milioni 19 kwa mwaka hadi 17. Vichwa vya mvuke vya mafuta vilizimwa, na vya makaa vilivyokuwa vimekwisha kuagwa vikarudishwa kazini, hadi Oktoba 1988 vilipostaafu huko Halberstadt. Magharibi walikuwa wamemaliza tangu 1977. Mashariki ikaharakisha kutandaza nyaya za umeme, kwani umeme ulitoka katika mitambo ya makaa yaleyale ya kahawia. Hennigsdorf, nje ya Berlin, wakatengeneza kichwa cha umeme 243, zaidi ya 600. Nchi ilipoungana Bundesbahn ilivikodi hata kabla ya reli zenyewe kuunganishwa tarehe 1 Januari 1994, na vikaishia kuvuta treni za mjini katika bonde la Ruhr, juu ya makaa yaliyotamaniwa miaka arobaini.

Karakana ya Meiningen haikufungwa. Kwa vile Mashariki ilichelewa kuacha mvuke, mafundi wanaojua kuunda boila kubwa walikuwa bado hai na bado kazini. Waingereza walipoamua kujenga kichwa kipya kabisa cha mvuke, Tornado, kwao hawakupata wa kuwaundia boila ya ukubwa ule. Oda ikaenda Meiningen, na boila ikafika Uingereza mwaka 2006.