Unyevu na Nyumba za Kariakoo

Adui wa nyumba ya pwani si mvua peke yake, bali unyevu. Nao huingia kwa njia nne: hushuka paani, hurushwa ukutani na matone ya mchirizi, hupanda kutoka ardhini, na huja na upepo wa bahari. Twataka kuonyesha hapa jinsi mafundi wa Dar es Salaam walivyopambana nao, maana katika maneno yao mna elimu isiyoandikwa.

Sultani Majid alipouanzisha mji katika miaka ya 1860, nyumba za wakuu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kama lile Boma la Kale lisimamalo hata leo karibu na bandari. Ukuta wa chokaa hunywa maji, kisha huyatoa jua liwakapo. Lakini mchanga wa pwani usipooshwa, chumvi yake huvuta unyevu wa hewani, na ukuta huliwa.

Kariakoo ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916. Huko ilienea nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma, boriti za mikoko, fito, udongo na makuti. Wageni waliiona duni, kumbe kila kiungo kilikuwa na kazi yake. Baraza iliepusha maji ya njiani. Upenu ulikinga kiwambaza. Ukumbi ulipitisha upepo toka mlangoni hadi uani. Palipomomonyoka palikandikwa upya.

Kisha zikaja zama za mabati na saruji. Saruji ni ngumu, lakini ikipakwa juu ya udongo au chokaa hufungia maji ndani, mwisho lipu hubambuka. Si kwamba ujenzi mpya hauwezi kufuata kanuni ya kale: Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa paa la zege mfano wa miavuli, lenye kivuli na hewa.

Leo maghorofa yamezichukua nyumba nyingi zile, na ua umekwisha. Kuta zabanana, kuvu yaota. Pamoja na nyumba yaondoka maneno: kiwambaza, kukandika, mchirizi. Yafaa tuyakusanye kwa mafundi wazee wangali hai, kwani neno lipoteapo, ujuzi wake hupotea nalo.